Maili 2.23 kwa jina la Maud: uchambuzi wa kisa cha Ahmaud Arbery

Mchana wa Jumapili, Februari 23, 2020, simu iliingia kwa polisi wa kaunti ya Glynn, kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Aliyepiga alikuwa Satilla Shores, mtaa tulivu nje kidogo ya mji wa bandari wa Brunswick. Alisema kuna mtu kaingia kwenye nyumba inayojengwa, kisha akasema mtu huyo katoka na sasa anakimbia. Mpokea simu alitaka kujua jambo moja tu: huyo mtu anafanya kosa gani? Hakupewa jibu la maana. Dakika chache baadaye ikaingia simu nyingine. Safari hii ni Gregory McMichael, askari polisi wa zamani, akiwa nyuma ya pikapu iliyokuwa ikiendeshwa na mwanawe. Alipoulizwa dharura ni nini, akajibu kwamba kuna mwanamume Mweusi anakimbia barabarani.

Dharura ilikuwa hiyo, mtu anakimbia. Simu hiyo haijakatwa bado, mtu huyo akapigwa risasi.

Aliyeuawa ni Ahmaud Arbery, kijana wa miaka 25 ambaye nyumbani na shuleni walimwita Maud. Kesi yake imeandikwa sana. Ninachotaka kukichambua hapa ni kitu kilichozaliwa pembeni ya kesi: mbio za maili 2.23, kama kilomita 3.6, ambazo maelfu ya watu walizikimbia kwa ajili yake Mei 8, 2020, na ambazo bado zinakimbiwa kila Februari. Watu wakitaka kumkumbuka marehemu huwasha mishumaa, huandamana, husoma dua. Hawa walivaa raba wakatoka nje. Naamini walichagua vizuri kuliko wengi walivyotambua wakati ule, ingawa chaguo hilo lilikuwa na mtego ndani yake.

Kwanza tukio lenyewe. Ahmaud aliishi na mama yake, Wanda Cooper-Jones, umbali wa kama maili mbili kutoka Satilla Shores. Shuleni, Brunswick High, alicheza mpira wa Kimarekani akiwa na jezi namba 21, na baada ya kumaliza mwaka 2012 aliendelea kukimbia mara kwa mara. Siku ile alisimama kwenye nyumba iliyokuwa bado ina mbao tupu, haina milango, akaingia, akaangalia angalia, akatoka. Kamera ya humo ndani ilikuwa imewahi kumnasa siku nyingine pia, na iliwanasa watu wengine walioingia kuchungulia. Hakuna picha hata moja inayomwonyesha akichukua kitu.

Alipopita mbele ya nyumba ya akina McMichael, Gregory, miaka 64, na mwanawe Travis, miaka 34, walichukua bastola na shotigani, wakapanda pikapu wakamfukuza. Mbele ya gari hilo kulikuwa na kibao chenye bendera ya zamani ya Georgia, ile yenye alama ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa. Jirani mwingine, William Bryan, aliona msafara ukipita, akaingia kwenye pikapu yake naye akaunga. Hakujua Ahmaud kafanya nini, na hakuuliza. Alimbana na gari zaidi ya mara moja mpaka kijana akaangukia mtaroni. Wapelelezi walikuja kukuta alama ya kiganja cha Ahmaud kwenye bodi ya gari la Bryan, na nyuzi za pamba nyeupe za fulana yake zimenasa hapo hapo.

Walimzungusha mtaani kwa kama dakika tano. Hakuwa na silaha, hakuwa na simu, na hakuwajibu neno. Gregory mwenyewe aliwaambia polisi kwamba kijana alikuwa amenaswa kama panya. Mwishoni pikapu ya mbele ilisimama katikati ya njia, Travis kasimama nje na shotigani, Bryan anakuja kwa nyuma huku anarekodi kwa simu. Ahmaud akazunguka gari kwa upande wa kulia ili apite. Travis akamkabili, wakang'ang'ania bunduki, na ikalia mara tatu.

Hakuna aliyekamatwa siku ile. Mama yake alipigiwa simu akaambiwa mwanawe alikuwa kwenye tukio la wizi na kwamba aliyempiga risasi ni mwenye nyumba. Mwendesha mashtaka wa kwanza, Jackie Johnson, alijitoa kwa sababu Gregory aliwahi kuwa mpelelezi katika ofisi yake. Wa pili, George Barnhill, aliandika barua akisema hakuna sababu ya kumkamata mtu yeyote, kwa kuwa sheria ya Georgia inamruhusu raia kumkamata mshukiwa. Sheria aliyoitegemea iliingia vitabuni mwaka 1863, wakati utumwa bado ni halali katika jimbo hilo. Barnhill naye akajitoa, baada ya mama kugundua kwamba mtoto wa mwendesha mashtaka huyo alikuwa anafanya kazi kwa Johnson. Faili likaenda kwa mtu wa tatu. Wakati huo korona imefunga kila kitu, mahakama hazikai, na familia haiwezi hata kujaza ukumbi wa mkutano.

Hapo ndipo anapoingia Jason Vaughn, mwalimu wa historia wa Brunswick High aliyekuwa mmoja wa makocha wa Ahmaud. Yeye na ndugu yake, pamoja na marafiki wa marehemu, walianza kusukuma jina lake mtandaoni wakati karibu hakuna mtu nje ya kaunti ile aliyelijua. Kaulimbiu yao ilikuwa I Run With Maud, nakimbia pamoja na Maud. Naomba msomaji alishike hili la wakati, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kinyume. Hawa walianza kabla dunia haijaona video. Watu waliomfahamu, waliowahi kumpigia filimbi uwanjani, ndio walioamua akumbukwe kwa namna gani.

Mei 5 video ikavuja. Wakili mmoja wa mjini aliipeleka kwenye kituo cha redio akiamini itatuliza maneno ya watu. Ikaenea nchi nzima. Ofisi ya upelelezi ya jimbo ikachukua kesi, na jioni ya Mei 7, siku 74 baada ya mauaji, baba na mwana wakakamatwa. Bryan alifuata Mei 21.

Siku moja baada ya baba na mwana kukamatwa, Ijumaa Mei 8, Ahmaud angetimiza miaka 26. Wito ulikuwa kila mtu akimbie au atembee maili 2.23 popote alipo. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo Februari 23 kwao ni 2/23, na tarehe ya kifo ikageuzwa kuwa umbali. Mbio kubwa zote zilikuwa zimeahirishwa kwa sababu ya korona, marathoni ya Boston ikiwamo. Watu wakatoka mmoja mmoja, wengine na barakoa, wakiwa wameandika jina lake kwenye fulana au kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kifuani kama namba ya mashindano.

Mtu anaweza kuuliza mbio hizo zilimsaidia nini marehemu. Waliomkamata Travis ni wapelelezi, na kilichowasukuma ni video. Nakubali. Lakini tazama video ile inamfanya nini Ahmaud. Kila inapochezwa anauawa tena, na mtazamaji anakaa mahali pa Bryan, nyuma ya usukani, anamkimbilia. Mama yake aliikwepa kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka ilipoonyeshwa mahakamani Novemba 2021. Waliokimbia walipewa kitu kingine cha kufanya na uchungu wao, kitu kinachomweka Ahmaud pale alipokuwa kabla ya wale watu kumwona: barabarani, jua la mchana, anahema. Kwa maili mbili na ushei mwili wako unafanya alichokuwa anafanya yeye, kisha unarudi nyumbani. Yeye hakurudi. Sijui njia ya kumweleza mtu hilo kwa maneno ambayo ingefika kwa uzito ule ule.

Pia kilichokuwa kimeitwa dharura kwenye ile simu ndicho watu walichokwenda kukifanya mchana kweupe, Weusi kwa Weupe, katika mitaa ya kila aina. Kwa mkimbiaji Mweusi wa Marekani hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Wengi wao wameeleza tahadhari wanazoziishi: kuvaa fulana ya chuo kikuu au ya mashindano ili waonekane ni watu wa mbio, kuacha kofia ya sweta hata kukiwa na baridi, kuwapungia mkono majirani, kutokimbia giza likishaingia. Mkenya, Mkongo au Mtanzania aliyehamia kule hujifunza mambo hayo hayo, kwa sababu anayekutazama kutoka dirishani haulizi kwanza umezaliwa Eldoret au Bukavu.

Sasa mtego nilioutaja. Kampeni ilijengwa juu ya sura ya mkimbiaji, na upande wa utetezi ukaona pa kushika: wathibitishe kwamba hakuwa mkimbiaji. Wakazungumzia kaptula yake, kwamba si ya mazoezi. Wakauliza kwa nini alisimama kwenye ile nyumba. Katika hoja za mwisho, Novemba 22, 2021, wakili wa Gregory McMichael aliwaambia wazee wa baraza kwamba Ahmaud alikwenda Satilla Shores na kaptula ya khaki, bila soksi za kufunika kucha zake ndefu na chafu. Mama yake alinyanyuka akatoka nje ya ukumbi.

Maneno yale ni ya kikatili, ila yana mantiki yake, nayo inastahili kujibiwa waziwazi. Inasema: mmemlilia kwa sababu alikuwa anafanya mazoezi, tukionyesha kwamba hakuwa anafanya mazoezi, machozi yenu hayana msingi. Na baadhi ya watu waliokuwa wanamtetea kwa nia njema waliisaidia mantiki hiyo bila kujua, pale waliposhika sana habari ya mchezaji mzuri, mkimbiaji wa kila siku, kijana asiye na doa. Ahmaud alikuwa na historia yake, kama ilivyo kwa vijana wengi, na Barnhill aliitumia ndani ya barua yake kana kwamba inamhalalishia Travis risasi. Tuseme alikuwa anatembea tu. Tuseme alikuwa na kandambili, au aliingia pale ili achungulie ukubwa wa vyumba, au alikwenda kunywa maji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu ruhusa ya kumfukuza na shotigani. Anayekimbia kwa heshima yake inabidi awe ameelewa kwamba hakimbii ili kumthibitisha Ahmaud kuwa mtu mwema. Haki ya kupita barabarani haitegemei viatu.

Mahakama zenyewe zilifika hapo. Novemba 24, 2021, wazee wa baraza 12, kati yao Mweusi mmoja tu, waliwatia hatiani wote watatu kwa mauaji. Januari 7, 2022, siku ya hukumu, Jaji Timothy Walmsley alifanya jambo ambalo kila nikisoma habari za kesi hii hunirudia. Alinyamaza. Alikaa kwenye kiti chake dakika nzima bila kusema kitu, ukumbi mzima kimya, halafu akaeleza kwamba dakika hiyo ni sehemu ndogo tu ya muda ambao Ahmaud alikimbia akifukuzwa. Dakika moja ndani ya ukumbi wenye ulinzi, mtu ameketi, hakuna anayemtisha, na bado ilionekana haiishi. Kisha izidishe mara tano. Baba na mwana walipewa kifungo cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema, Bryan maisha na nafasi ya parole baada ya miaka 30.

Ikafuata kesi ya serikali kuu, Februari 2022, juu ya uhalifu wa chuki. Mwishoni mwa Januari waendesha mashtaka walikuwa wamefikia makubaliano na akina McMichael; Wanda Cooper-Jones aliyapinga mbele ya jaji, na jaji akayakataa. Bila mama huyo, suala la ubaguzi wa rangi huenda lisingesikilizwa hadharani kabisa, maana kesi ya kwanza ililigusa kwa mbali mno. Wote watatu walipatikana na hatia Februari 22, siku moja kabla ya kumbukumbu ya pili ya kifo. Na shtaka lenyewe lilikuwa hili: walimwingilia mtu katika haki yake ya kutumia barabara ya umma, kwa sababu ya rangi yake. Kile ambacho watu walikuwa wamekidai kwa miguu miaka miwili nyuma kilikuwa sasa kimeandikwa kwenye hati ya mashtaka, bila neno lolote kuhusu mazoezi au kaptula.

Sheria nazo zilibadilika. Georgia, iliyokuwa miongoni mwa majimbo manne yasiyo na sheria ya uhalifu wa chuki, ilipata yake Juni 26, 2020. Sheria ile ya 1863 ilifutwa Mei 2021. Baraza la jimbo liliitangaza Februari 23 kuwa Siku ya Ahmaud Arbery, na mjini Brunswick mtaa wa Albany una vibao vyenye jina lake. Mbio peke yake hazikuyaleta haya. Yaliletwa na mama asiyechoka, mawakili, wachungaji waliojaza uwanja wa mahakama, wapiga kura, na video. Mchango wa mbio, kwa maoni yangu, ulikuwa kuwafanya watu wasio na mazoea ya siasa wajihusishe na jina moja kabla hawajapata nafasi ya kuliacha lipite. Mkimbiaji wa jimbo la mbali la Oregon asiyewahi kuandamana alijua tarehe ya kifo cha Ahmaud kwa sababu miguu yake iliipima.

Ila umbali ule ni mfupi, na hapo kuna udhaifu ambao siwezi kuupamba. Mtu mwenye afya anaumaliza kwa nusu saa, anapiga picha ya saa yake ya mkononi, anaiweka mtandaoni na moyo unatulia. Kwa Mweupe anayeishi kwenye mtaa kama Satilla Shores, kukimbia maili 2.23 hakumgharimu kitu. Hakuna atakayempigia polisi simu. Kama baada ya kukimbia hajawauliza majirani zake wanaandika nini kwenye kundi la ulinzi wa mtaa pale kijana Mweusi anapopita, basi amefanya mazoezi, na si vibaya kufanya mazoezi, lakini asiyaite heshima kwa marehemu. Vaughn na wenzake walilielewa hili mapema. Walianzisha taasisi iliyobeba namba hiyo hiyo, na mama naye akaanzisha yake kwa jina la mwanawe, inayowaangalia vijana Weusi na afya ya akili zao. Mbio za Februari sasa zina mahali pa kupeleka pesa na watu.

Nitie neno moja kwa sisi wa huku, kwa kuwa nimeona wasomaji wakikisoma kisa hiki kama habari ya Wazungu na ubaya wao. Ubaguzi wa rangi ni wao, na una historia yake ambayo haifanani na yetu. Lakini kijana anayekimbia, sauti ya kwanza inayopasuka nyuma yake, na kundi lisilouliza swali la yule mpokea simu, hayo tunayafahamu vizuri Manzese na Kariobangi. Mtu akishaitiwa mwizi, hakuna anayesimama kuuliza ameiba nini, na gazeti la kesho yake litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika tofali. Anayetaka kumkimbilia Ahmaud kutoka Dar es Salaam au Nairobi ana marehemu wa mtaani kwake wa kuwakumbuka safari hiyo hiyo, na wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

Kuhusu Brunswick, kuna sehemu moja ambayo haijapona. Jackie Johnson, yule mwendesha mashtaka wa kwanza, alishindwa uchaguzi Novemba 2020, na mwaka uliofuata akashtakiwa kwa kukiuka kiapo cha kazi yake na kuwazuia polisi kufanya kazi yao. Alikana mashtaka yote. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa 2025, na Februari, mwezi ule ule wa mbio, jaji aliyafuta mashtaka hayo. Kwa hiyo waliomfukuza na kumuua Ahmaud wako gerezani, wakati zile siku 74 ambazo ofisi za serikali zilikaa na faili lake hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa ajili yake. Watakaokimbia Februari ijayo wana hilo la kuendelea kulidai.